SOMO: Kuchagua diski ya nje kwa wapiga picha na wahariri wa video

Wakuu, salaam. Somo hili limetokana na harusi moja. Nilinunua diski ndogo iliyoandikwa TB 16 kwa bei chee, nikahamishia humo video zote za siku ile, kisha nikafuta kadi za kamera. Majina ya faili yalionekana yote, lakini ukifungua, hakuna kitu. Nilipofungua kasha kwa bisibisi, nilikuta kadi ya kumbukumbu kama ya simu imechomekwa kwenye kibao cha USB na kumwagiwa gundi. Bibi harusi yule hana video ya mama yake akimwombea dua, na sina cha kumrudishia.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya nafasi. Kamera inayorekodi 4K (video ya ubora wa juu) kwa megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 hivi kila saa. Kamera mbili kwa saa sita ni GB 540. Harusi mbili haziingii kwenye TB 1, yaani GB 1,000.

Hatua ya 2: HDD au SSD? HDD ya mkononi ina sahani zinazozunguka na husoma kama MB 120 kwa sekunde. Ikidondoka inapofanya kazi, hesabu maumivu. SSD huhifadhi kwenye chipu, haina kinachozunguka. Samsung T7, kwa mfano, hufika MB 1,000 kwa sekunde. Hariria kwenye SSD, hifadhia kwenye HDD, maana kwa kila TB ni nafuu zaidi.

Hatua ya 3: Angalia waya. Waya nyingi za kuchajia simu ni USB 2.0, hata SSD nzuri haitavuka MB 40 hivi. Tumia waya uliokuja na diski yenyewe.

Hatua ya 4: Ipime kabla ya kuiamini. Diski bandia huidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. Ikijaa kweli, huendelea kupokea faili na kuzipoteza. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Mac na Linux tumia F3. Programu hizi huijaza diski yote, kisha huisoma tena. HDD ya TB 1 huchukua saa tano hivi, iache usiku. Kubalianeni na muuzaji kuhusu kurudisha kabla hujatoa hela, na risiti iandikwe namba ya diski.

Hatua ya 5: Nunua mbili, na zisikae begi moja. Kadi ya kamera usiifute mpaka nakala zote mbili umezifungua kwa macho yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi natumia Windows, mhariri wangu ana Mac. Kwake diski inasoma ila haiandiki.
Hiyo ni NTFS, mpangilio wa diski wa Windows ambao Mac huusoma tu. Hamisha vitu vyako kwanza, kisha ifomati kwa exFAT, mpangilio unaoandikika kwenye Windows na Mac. FAT32, mpangilio wa zamani, achana nayo, faili moja haivuki GB 4.

HDD yangu inagonga ta-ta-ta, lakini bado inafunguka. Nifanyeje?
Pole sana ndugu. Nakili sasa hivi, ukianza na kazi za wateja ambazo hujakabidhi. Ikigoma kufunguka, usiiwashe tena. Mpelekee fundi wa kurejesha data.

Naweza kuweka SSD kabatini miaka kadhaa?
Hapana, dada. SSD ikikosa umeme muda mrefu inaweza kupoteza data. Za kabatini ziwe HDD, nazo uzichomeke mara moja moja na kufungua faili kadhaa.