Kuruka na mwavuli bila kukauka kama ng'onda: mazoezi niliyofanya hapa hapa Mtwara

Wadau wa kusini, kuchele! Tangu nirushe zile picha za kule Diani, pwani ya Kenya, nilikoenda kujifunza kuruka na mwavuli, watu wananiuliza nilipiga gym gani mpaka nikaweza kujitupa kutoka kwenye ndege. Gym sina, nilikuwa na mkeka, mchanga wa Shangani na bahari, basi. Na niwaambie mapema, kilichonitesa sio nguvu, ni kukakamaa.

Iko hivi, unatoka kwenye ndege futi elfu 12 hivi na mwanafunzi anafungua mwavuli kwenye elfu 5 na kitu, hapo katikati una sekunde kama 40 tu na unashuka karibu kilomita 200 kwa saa, upepo unakuwa mzito kama maji, ukilegea na kusukuma nyonga mbele unalala juu yake umetulia, ila ukikakamaa mguu mmoja ukajikunja kuliko mwenzake basi unaanza kuzunguka. Mruko wangu wa kwanza nilikuwa mkavu kama ng'onda. Walimu wawili wamenishika huku na huku, mmoja ananionyesha vidole viwili, maana yake nyoosha miguu, halafu anatikisa mkono huku kidole gumba na kile cha mwisho vimesimama, maana yake legea wewe, na mimi namtolea macho tu kama ananidai. Altimita ya mkononi, kile kifaa cha kuonyesha uko futi ngapi juu, sikuikumbuka hadi akanionyeshea kwa kidole.

Niliporudi nyumbani ndo nikaanza upya. Asubuhi natandika mkeka, nalala kifudifudi, nainua kifua na mapaja juu huku mikono imekunjwa pembeni ya kichwa, nakaa sekunde 30, napumzika, narudia mara tano. Siri iko kwenye kupumua, ukibana pumzi mwili wote unafunga, kwahiyo mimi nilikuwa natoa pumzi kwa sauti tena ndefu kuliko ninavyovuta, na natabasamu, ndio natabasamu, maana taya likilegea na mabega yanafuata. Mama mdogo akipita ananiuliza "mwanangu unaumwa tumbo?"

Jioni bahari. Maji yakijaa naelea chali, halafu kifudifudi, nausikiliza mwili ni wapi pamebana. Kwangu ilikuwa magoti na shingo. Hili limenisaidia kuliko pushapu zote, maana kwenye maji ukijikaza unazama na unalijua kosa lako palepale.

Kutua nako kunataka mazoezi. Nilitafuta kijukwaa cha urefu wa goti, unaruka mchangani miguu na magoti yamebanana, unajiachia kwa ubavu, shavu la mguu, paja, nyonga halafu bega la upande wa pili. Mikono usiitangulize hata siku moja, kiganja kikifika chini kabla yako mkono unavunjika. Watoto wa pale ufukweni walinicheka wiki nzima halafu wakaanza kuruka wao, tena vizuri kuliko mimi, watoto wa kupanda mikorosho hao hawafundishwi kuanguka. Ongeza squati za miguu na kuning'inia kwenye tawi la mwembe, maana chini ya mwavuli mikono iko juu dakika kadhaa, na karibu na ardhi unavuta vishikio vyote viwili vya kuongozea mwavuli kwa pamoja, bega likichoka unavuta upande mmoja na hapo unajitafutia balaa.

Chakula: watu wanaenda njaa wakiogopa kutapika, mimi nilienda hivyo hivyo na nikatetemeka kwenye ndege nikadhani ni woga kumbe tumbo tupu. Kula kidogo, chapati na chai inatosha, na maji mengi. Pombe hapana kuanzia jana yake, na msimu wa mabibo nawajua nyie, uraka uacheni mtaukuta. Ukiwa na mafua usiruke, ile hewa ikibadilika masikio yatakutoa machozi. Na nyie mnaopiga mbizi na mitungi kule Mnazi Bay, mkitoka majini subirini saa 24 kabla ya kupanda ndege, gesi iliyobaki mwilini inaweza kugeuka mapovu huko juu na hilo sio la utani.

Halafu baridi. Kila futi elfu 1 joto linapungua kama digrii 2, kwahiyo ukiacha 30 chini unakuta 6 hivi juu, vaa kitu ndani ya ovaroli, mwili wenye baridi hauwezi kulegea.

Ila kinachochosha kuliko vyote ni kusubiri. Upepo wa kusi ukizidi wanafunzi hawaruhusiwi, mnaweza kukaa asubuhi nzima mnaangalia kile kifuko cha kuonyesha upepo. Usikae umefungwa mikanda juani ukijisimulia hadithi za kutisha. Vua, kaa kivulini, piga stori, na kila nusu saa simama urudie mruko wote ukiwa chini, jifanye unatoka kwenye ndege, angalia altimita, gusa kishikio cha kufungulia mwavuli, angalia tena. Mimi mruko wa tatu tulisubiri saa nne nzima, nikalala mkekani nikakoroma mpaka mwalimu akaja kuniamsha kwamba ndege imewashwa, na huo ndo mruko ambao hakuna aliyenitikisia mkono.