Kutumia gesi ya hamira kukuza mimea ya ndani

Sehemu kubwa ya mwili wa mmea hujengwa kwa kaboni inayotoka hewani, wala si kwa udongo kama wengi wanavyodhani, na hewa ya kawaida ina kaboni dioksidi kidogo mno: takriban sehemu 420 tu katika kila sehemu milioni. Saladi, nyanya, pilipili na basili zinaweza kutumia kiwango kinachozidi mara mbili ya hicho iwapo zina mwanga wa kutosha, ndiyo maana wakulima wa nyanya na matango katika mabanda ya kioo hukipandisha hadi kati ya sehemu 800 na 1,000. Hamira ya mikate huzalisha gesi hiyohiyo kila inapokula sukari mahali pasipo na oksijeni. Kuiunganisha na mimea ni kazi nyepesi, ila kuna jambo moja linaloamua kama itafaa au itapotea bure, nalo ni ukubwa wa nafasi inayopelekewa gesi.

Gramu 200 za sukari, zikichachuka zote, hutoa takriban gramu 100 za kaboni dioksidi, yaani lita zaidi ya 50, na nusu nyingine hugeuka kuwa alkoholi. Ukizigawa lita hizo kwa majuma mawili, unapata lita 3 au 4 kwa siku. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5 kina lita 22,500 za hewa, na hewa hiyo huvuja na kubadilishwa mara nyingi kwa siku kupitia milango na madirisha. Mtu mmoja aliyemo humo hutoa kwa pumzi zake karibu kilo 1 ya gesi hiyo kwa siku, kiasi kinachoizidi chupa nzima takriban mara kumi. Kwa hiyo kuweka chupa ya hamira kwenye kona ya sebule hakutaisaidia mimea. Hali ni tofauti kabisa ndani ya hema dogo la nailoni lenye upana wa sentimita 60 kila upande na kimo cha mita 1: humo mna lita 360 tu za hewa, na robo lita ya gesi inatosha kuifikisha kwenye kiwango cha wakulima wa mabanda ya kioo. Tengeneza basi hema hilo kwanza, kwa fremu ya mbao au waya na nailoni inayopitisha mwanga, ndipo ufikirie chupa.

Chukua chupa mbili za plastiki za lita 2, zile za soda, kwa sababu zimeundwa kustahimili mgandamizo, na usitumie kioo kamwe. Toboa kifuniko cha chupa ya kwanza tundu lililo dogo kidogo kuliko mrija, kata ncha ya mrija kwa mshazari, ipenyeze, kisha ivute kwa koleo kutoka upande wa pili. Mrija ukibana namna hiyo huziba vizuri hata bila gundi. Chupa ya pili ijazwe maji hadi nusu, nayo iwe na matundu mawili: mrija unaotoka kwenye hamira uzame ndani ya maji, na mwingine uanzie juu ya maji na kuelekea kwenye hema. Maji hayo hunasa povu na sehemu ya mvuke wa alkoholi, na pia hukuonyesha kazi inavyokwenda, kwa kuwa kila povu linalopanda ni gesi inayoelekea kwa mimea.

Yeyusha gramu 200 za sukari katika lita 1 ya maji ya uvuguvugu, ambayo kidole kinayavumilia bila taabu, kisha tia robo kijiko cha chai cha hamira kavu. Kishawishi cha kuongeza hamira ni kikubwa, lakini jumla ya gesi huamuliwa na sukari; hamira nyingi huharakisha tu, na ukaishia kupata gesi nyingi kwa siku chache halafu ukimya. Acha theluthi moja ya chupa wazi kwa ajili ya povu. Mapovu huanza baada ya saa kadhaa, mapema zaidi pakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30. Yasipoonekana, kagua viungo vya mirija kabla ya kuilaumu hamira, na hakikisha mrija haujaziba, kwa sababu chupa isiyo na pa kupumulia inaweza kupasuka.

Weka chupa nje ya hema na uingize ncha ya mrija juu ya majani, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na hushuka yenyewe. Feni ndogo itaichanganya vizuri zaidi. Mmea huitumia wakati wa mwanga tu, lakini hamira hailali, hivyo usiku toa mrija nje ya hema na ufungue upande mmoja wa hema ili unyevu upungue na kuvu isiote. Mchana angalia joto pia, maana hema lililofungwa juani linaweza kuunguza majani. Mahali penye mwanga hafifu gesi haina faida yoyote, na ningeshauri fedha itumike kwanza kwenye taa. Mimea ikianza kukua kwa kasi itadai pia mbolea zaidi. Kakati na sansevieria hufungua vinyweleo vyao, yaani vitundu vidogo vya kuingizia gesi, usiku, kwa hiyo hazifai kwa mpango huu.

Mapovu yakikoma, sukari imekwisha au alkoholi imeilemea hamira. Mwaga kimiminika hicho mbali na vyungu, kwa kuwa alkoholi hudhuru mizizi, bakiza tope kidogo la chini liwe mbegu ya chupa inayofuata, kisha ongeza maji na sukari mpya. Anayetaka mtiririko usiopungua atumie chupa mbili za hamira, ya pili ikianzishwa wiki moja baada ya ya kwanza.