SOMO: Kompyuta inajizima ovyo? Mtafute mchawi kabla hujapiga Windows

Habari zenu wakuu. Mtu akiona kompyuta yake inajizima, neno la kwanza ni "fundi, nipigie Windows". Anapigiwa, analipa, anarudi nyumbani, na baada ya siku chache mambo ni yale yale. Sikatai, kuna wakati Windows ndiyo mbovu kweli. Lakini mashine iliyopigwa Windows mpya na bado inazima, tena wakati mwingine hata kabla Windows haijafunguka, hiyo ina kifaa kibovu, na kifaa hakitibiwi kwa flashi.

Kompyuta haizimi bure. Saa inayochagua kuzimika ndiyo inayokutajia kifaa. Kwa hiyo kazi yetu kubwa hapa ni kuitega, kununua vifaa baadaye.

Andaa bisibisi ya nyota, brashi laini ya rangi, ufutio wa penseli, flashi moja, na mita ya kupimia umeme kama unayo. Na kabla ya yote, kopi mafaili yako ya maana kwingine. Kama mgonjwa ni diski, vipimo vyenyewe vinaweza kuimaliza.

HATUA YA 1: Jua inazimaje

Kuzima ghafla kama umeme umekatika, skrini nyeusi, feni kimya: anza kushuku umeme wa ukutani, joto, paua saplai (boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta) au mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote). Skrini ya bluu yenye maandishi (kwenye Windows 11 za karibuni ni nyeusi yenye maandishi): ramu (kumbukumbu ya muda), diski au draiva (programu inayoendesha kifaa). Kuganda, picha ipo lakini mausi haisogei: mara nyingi diski, ramu au kadi ya picha.

Shida ni kwamba Windows ikipata skrini ya bluu inajiwasha upya haraka, wewe unadhani imezima tu. Ondoa hiyo tabia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda "Advanced", kwenye "Startup and Recovery" bofya "Settings", kisha toa tiki ya "Automatically restart". Sasa bluu ikija itakaa hapo mpaka uipige picha na simu.

Weka na daftari pembeni. Andika saa, ulikuwa unafanya nini, umeme ulikuwaje, mvua ilikuwepo au la. Watu wanaidharau hatua hii kwa sababu ni ya bure.

HATUA YA 2: Soma kumbukumbu za mashine

Windows + R tena, andika perfmon /rel. Inafunguka kalenda yenye alama nyekundu kwa kila siku iliyokuwa na ajali. Ukitaka undani zaidi andika eventvwr, ingia "Windows Logs", halafu "System".

Hapa wengi wanapotea. Wanakuta Kernel-Power namba 41, wanakimbilia kununua paua saplai. Namba 41 inasema kitu kimoja tu: mara iliyopita mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Hata ukichomoa waya kwa mkono wako itaandika 41. Ukikuta maneno WHEA-Logger, hapo ndipo usimame, maana huo ni malalamiko ya vifaa vyenyewe, kama prosesa (ubongo wa kompyuta), ramu au njia za mazabodi.

Skrini za bluu nazo zina lugha yake. MEMORY_MANAGEMENT inakupeleka kwenye ramu kwanza. KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR, diski au waya wake. VIDEO_TDR_FAILURE, kadi ya picha au draiva yake. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, joto, umeme au prosesa. Huo ni mwelekeo tu, hukumu inakuja baada ya kupima.

HATUA YA 3: Umeme wa ukutani

Umeme wetu ni voti 230. Chomeka kompyuta peke yake kwenye soketi ya ukutani, bila ekstensheni ya mafungu mafungu, uone kama tabia inabadilika. Sikiliza soketi, ikitoa mlio wa kukaanga, au plagi ikiwa ya moto ukiigusa, umeshampata mchawi bila kufungua skrubu hata moja.

Sisi wa Mwanza, kandokando ya Ziwa Victoria, tuna jambo jingine: radi. Mvua zinazozaliwa ziwani hupenda kupiga usiku na alfajiri, wakati umelala na mashine iko kwenye soketi. Chomoa waya wa umeme, na waya wa intaneti pia. Huo wa pili watu wanausahau, kumbe shoti inapita humo humo hadi kwenye mazabodi.

HATUA YA 4: Joto (hapa kaa muda)

Dalili yake: mashine inawaka vizuri, inafanya kazi dakika kadhaa, inazima. Ukiiwasha papo hapo inazima mapema zaidi. Ukiiacha ipoe, inadumu tena.

Weka programu ya kusoma joto, HWMonitor au Core Temp. Ikiwa imetulia, nyuzi 40 hadi 55 si mbaya. Ikifanya kazi nzito kufika 80 na kitu bado inavumilika. Ikikaribia 95 hadi 100, prosesa nyingi zinaanza kujipunguza kasi, na zikizidiwa zinazima kujiokoa. Kwa hiyo kompyuta inayozima kwa joto kwa kweli inajilinda.

Sasa fungua kava. Ukichungulia kwa juu, feni ya prosesa inazunguka safi, unaridhika. Usiridhike. Toa skrubu za feni, inyanyue. Chini yake, juu ya mapezi ya alumini, utakuta tabaka la vumbi lililoshikana hadi unaweza kulibandua kwa kucha kipande kizima. Kwa wakazi wa Kirumba, Igombe, Luchelele na visiwani kuna nyongeza: wale vidudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku. Wanavutwa na feni, wanakufa ndani, wanakaukia kwenye mapezi pamoja na vumbi. Hewa haipiti tena hata feni izunguke vipi.

Safisha kwa brashi na bloa, huku umeshikilia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Kompresa ya gereji usiitumie, inatema maji. Kama pesti iliyo kati ya prosesa na alumini imekauka na kupasuka, ifute kwa spiriti, weka tone dogo jipya katikati. Na tafadhali, dawa ya meno si pesti ya prosesa.

HATUA YA 5: Ramu

Zima, chomoa waya, gusa chuma cha boksi kutoa umeme wa mwilini. Toa ramu, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio, pangusa, irudishe hadi isikike "ka!". Unyevu wa huku unafanya kutu nyembamba usiyoiona, na wapo waliopona kwa hatua hii peke yake.

Halafu pima. Windows + R, andika mdsched, mashine itajiwasha na kujipima. Kipimo kikali zaidi ni MemTest86 ya kwenye flashi. Iache usiku kucha. Kosa likitokea hata moja, ramu haifai, usijadiliane nalo. Kama ziko mbili, pima moja moja, tena kwenye tundu moja lile lile, ili ujue kibovu ni ramu au tundu.

HATUA YA 6: Diski

Fungua programu ya CrystalDiskInfo. Kwa diski ya kuzunguka angalia mistari ya 05, C5 na C6. Thamani yake halisi ("Raw Values") inatakiwa iwe sifuri. Zikianza kupanda, diski inaondoka, hamisha mafaili leo. Mstari wa C7 ukipanda, badili waya wa data kwanza kabla hujaitupa diski. Na ukisikia "tik tik tik" ndani yake, zima hapo hapo.

HATUA YA 7: Paua saplai

Dalili yake ni kuzima unapoiongezea mzigo: umefungua gemu, umechomeka diski ya nje, umeanza kurenda video. Au haiwaki asubuhi mpaka ubonyeze mara kadhaa.

Ukiwa na mita, pima mashine ikiwa inafanya kazi, si ikiwa imepumzika. Ncha nyeusi ya mita kwenye waya mweusi. Waya wa njano utoe kati ya voti 11.4 na 12.6; mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Ukiona njano inashuka chini ya hapo mzigo ukiongezeka, badilisha. Mita ikikuonyesha sawa bado usiape, kwa sababu kuna kushuka kwa ghafla ambako mita ya kawaida haikamati. Kipimo cha uhakika ni kuazima nyingine nzima.

Paua saplai yenyewe usiifungue. Kapasita zake kubwa (vimikebe vinavyohifadhi umeme) zinabeba zaidi ya voti 300 na zinabaki nazo hata baada ya kuchomoa. Na ile nyepesi mkononi iliyoandikwa wati 500, mimi siiamini hata ikiwa mpya. Kama mashine ni mtumba kutoka Marekani, angalia nyuma kama kuna swichi ndogo nyekundu. Isome 230, si 115, kabla hujachomeka.

HATUA YA 8: Kadi ya picha na mazabodi

Kama kadi ya picha ni ya kuchomeka na mazabodi ina tundu lake la skrini, itoe, tumia la mazabodi kwa siku mbili tatu. Ikitulia, jibu unalo.

Mazabodi iwe ya mwisho kushukiwa. Angalia kapasita: vichwa vyake viwe bapa. Vikivimba au kutoa ugando wa kahawia, ndiyo hiyo. Fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomelea anabadilisha kapasita, si lazima ununue bodi nzima.

Na katika hatua zote, badilisha kitu kimoja, kisha subiri. Ukibadilisha ramu, diski na paua saplai siku moja, itapona na hutajua ulichonunua bure.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Buzuruga: Mkuu, nina steshenari. Kompyuta moja inajizima nikiprinti tu, nyingine hapana. Ni virusi vya printa?

Jibu: Hapana dada. Printa ya leza ikianza kupasha moto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Bila shaka iko kwenye ekstensheni moja na hiyo kompyuta, au umeichomeka kwenye UPS (boksi la betri ya akiba). Ipe soketi yake ya ukutani. Printa ya leza haikai kwenye UPS.

Mwanachama wa Ukerewe: Tunatumia sola na inveta. Kompyuta ya zamani inadunda, hii mpya niliyonunua inazima inveta ikishika. Duka limekataa kuirudisha.

Jibu: Inaweza kuwa kompyuta haina kosa. Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini kama la umeme wa gridi, zinatoa la ngazi ngazi. Paua saplai nyingi za kisasa haziipendi hiyo, za zamani zilikuwa zinavumilia. UPS za bei chini zina tabia hiyo hiyo zinapotumia betri. Ipeleke Nansio mahali penye umeme wa gridi uiwashe kutwa. Ikidumu, tafuta inveta ya wimbi safi, na duka liache.

Mwanachama wa Malimbe: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi, laptopu inazima betri ikiwa asilimia 35. Nikichomeka chaja haizimi kabisa.

Jibu: Marahaba. Betri imechoka, asilimia inayokuonyesha si ya kweli. Fungua cmd, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotengenezwa. Linganisha "Design Capacity" na "Full Charge Capacity". Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, anza kuchanga hela ya betri. Ukiona kava la chini limevimba au padi ya mausi imenyanyuka, acha kuichaji leo leo na betri itolewe.

Mwanachama wa Igoma: Saa inarudi nyuma kila nikiwasha, tovuti zinagoma kufunguka. Ndiyo inayofanya izime?

Jibu: Hiyo ni betri ya mazabodi, CR2032, ya voti 3, bei yake ndogo. Tovuti zinagoma kwa sababu tarehe si sahihi. Kuzima ni kesi nyingine. Rudi hatua ya 4.

Mwanachama wa Sengerema: Fundi kaniambia mazabodi ya Dell yangu imekufa. Nitajuaje haniibii?

Jibu: Mwambie aiwashe mbele yako ikiwa na prosesa, ramu moja na paua saplai nyingine, bila diski. Ikitoa picha, bodi haijafa. Dell nyingi ukibonyeza F12 wakati wa kuwaka zina "Diagnostics" zake. HP nyingi ni F2. Zikitoa namba ya kosa, iandike. Kumbuka pia baadhi ya OptiPlex plagi yake kubwa si ile ya pini 24, kwa hiyo asije akasema imekufa kumbe hakuwa na paua saplai inayoingia.

Mwanachama wa Nyakato: Kaka nimefuata hatua ya 4, nimesafisha vizuri, sasa inazima hata dakika mbili haimalizi. Umeniponza!

Jibu: Pole, tulia. Fungua tena. Waya wa feni umerudi kwenye tundu lililoandikwa CPU_FAN? Zile pini nne za kubana feni zimeingia zote, au kona moja imenyanyuka? Iking'oka kona moja, alumini haigusi prosesa sawasawa. Ukiitoa, pesti ya zamani usiirudishie, weka mpya. Kisha ingia bios (menyu ya mazabodi yenyewe) usome joto humo humo kabla Windows haijafunguka. Likipanda mfululizo bila kusimama, bado haijakaa, zima, urudie. Tupe namba utakayoiona.