Anza kulipa rejesho kabla ya mkopo

Unapanga kununua nyumba ya kwanza? Kabla hujaomba mkopo, piga hesabu ya rejesho la kila mwezi, kisha anza kulilipa sasa, kwako mwenyewe. Kama kodi yako ya nyumba ni 300 na rejesho litakuwa 500, ile 200 iende akaunti ya pembeni siku hiyohiyo mshahara unapoingia, si mwisho wa mwezi (mwisho wa mwezi huwa hakibaki kitu, tunajuana). Jaribu miezi 6. Ukikwama mwezi wa pili, afadhali umejua mapema, kabla benki haijashika hati ya nyumba. Na unapojibana, gusa vikubwa kwanza: kodi, gari, madeni. Kuhamia chumba kidogo kwa mwaka mmoja mara nyingi huokoa zaidi kuliko kujinyima vitu vidogovidogo kila siku.