Bakapu na leseni za kompyuta ya biashara, kwa wenzangu wa Mwanza

Juzi nimeletewa kompyuta ya mzee mmoja anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, mazabodi (bodi kuu ya ndani) ikaungua. Swali lake moja tu, fundi, madeni yangu yapo? Alikuwa na bakapu kweli, yaani nakala ya akiba ya mafaili, kwenye flashi, ila flashi yenyewe ilikaa imechomekwa humohumo miezi yote. Nayo ikaungua.

Haya, leseni ya Windows kwanza maana hapo ndo tunapigwa sana. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dli, piga enta, subiri kidogo. Ukiona neno OEM, leseni ilikuja na mashine na inakufa na mazabodi yake, huihamishi. RETAIL unaihamisha, ila kompyuta moja kwa wakati. Ukikuta VOLUME_KMSCLIENT na wewe una duka la spea tu Makoroboi, basi ujue umewekewa kraki (Windows ya wizi), maana hiyo ni ya taasisi zenye mkataba na Microsoft. Na kumbuka, si yule fundi aliyekuwekea alizima antivairasi kwanza ndo akaiweka? Hapo ndo virusi wanapopitia.

Kama kazi yako ni invoisi na hesabu za kawaida, weka LibreOffice, programu ya kuandikia na hesabu, ni bure hata kwa biashara, inafungua mafaili ya Word na Excel (Excel yenye makro nyingi, zile amri za kujiendesha zenyewe, itakusumbua, nisikudanganye). Ila siyo kila cha bure ni bure dukani, TeamViewer kwa mfano, ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, bure yake ni ya matumizi binafsi. Na kama bado uko Windows 10, Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025.

Sasa bakapu. DVD achana nayo, GB 4.7 utajaza lini. Flashi ni ya kubebea, siyo ya kutunzia, na ile ya TB 2 kwa elfu kumi ni feki, ipime na H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa flashi, uone maajabu. Mi nashauri eksteno mbili, yaani hadidiski za nje za kuchomeka, au za SSD kama hela ipo maana SSD haina kinachozunguka ndani, hata ikidondoka haijali sana, ila usiifungie kabatini miaka bila umeme. Moja iwe dukani, nyingine nyumbani Buhongwa huko, kila Jumamosi unabadilishana, na ukimaliza kukopi CHOMOA, maana virusi wa kufunga mafaili wanafunga na eksteno iliyochomekwa. Faili likizidi GB 4 likakataa kuingia, diski iko FAT32 (mpangilio wa zamani wa diski), iformati exFAT, ila hamisha vitu kwanza kwani inafuta vyote.

Google Drive inakupa GB 15 bure, zinatosha kwa hesabu za duka, ila ukiiunga na folda ya kompyuta, ukifuta faili huku, na kule linafutika.

Halafu mara mojamoja fungua mafaili ya bakapu kwenye kompyuta ya mtu mwingine uone kama yanafunguka.

Yule mzee saa hizi anazunguka na daftari, anawauliza wateja wenyewe wanadaiwa shilingi ngapi.