Namna ya Kuhesabu Pumzi za Mtoto Anayekohoa

Majira ya mvua yanapoingia Bukavu, mashariki mwa Kongo, mlango hufungwa mapema, mbabula ya makala huingizwa ndani ili nyumba ipate joto, na baada ya siku chache kikohozi cha watoto husikika mtaa mzima wa Kadutu. Kikohozi kingi huisha chenyewe. Linalompasa mzazi kulijua ni kama ugonjwa umeshuka mapafuni, na kwa hilo atahitaji saa na macho yake tu.

Mwaka 1984, Frank Shann na wenzake walichapisha utafiti wa Papua Guinea Mpya uliopendekeza kuwa mtoto anayekohoa na kupumua mara 50 au zaidi kwa dakika adhaniwe kuwa na nimonia, yaani ugonjwa ulioshuka mapafuni. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilipanga viwango kwa umri: 60 kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi kumi na mmoja, na 40 kwa wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano. Anayefikia kiwango chake anapumua upesi kupita kawaida.

Subiri mtoto atulie. Akilia au akinyonya, hesabu haitakuwa ya kweli. Mpakate karibu na mwanga, umpandishe nguo hadi tumbo na kifua vionekane, kisha ukazie macho pale tumbo linapokutana na mbavu: kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Wengi huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, nami nawasihi waache, kwa kuwa mtoto mchanga hupumua mbiombio, akasita kidogo, akaanza tena, na kosa la pumzi mbili hugeuka kuwa la nane. Ikiwa hesabu inakupotea, weka maharagi kando yako, na kila pumzi kumi zikitimia usogeze punje moja. Aliye chini ya miezi miwili akifikisha 60, mhesabie mara ya pili.

Kabla ya kumfunika, tazama mbavu za chini. Zikibonyea ndani anapovuta pumzi, au hesabu ikifikia kiwango, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, anayepata degedege au anayelala bila kuamka vizuri asingojee asubuhi.

Usimnunulie antibiotiki kwa kukisia. Utafiti wa PERCH, uliochapishwa mwaka 2019 kutoka nchi saba za Afrika na Asia, ulionyesha kwamba nimonia nyingi kali za watoto waliolazwa zilisababishwa na virusi, hasa kirusi cha njia ya hewa kiitwacho RSV, na virusi antibiotiki haiviui. Muuguzi akiamua kumpa antibiotiki ya amoksisilini, imalizwe yote hata kama kikohozi kimepungua.

Andika kwenye karatasi idadi ya pumzi na saa uliyohesabu, umkabidhi muuguzi. Mwombe pia, kama kifaa kipo, ampime oksijeni kidoleni, kwa maana mji wetu uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500 na mapafu yaliyoziba hupungukiwa haraka. Akiruhusiwa kutibiwa nyumbani, mhesabie tena kila asubuhi, na siku ya tatu umrudishe akaangaliwe.