Somo: Siku ya Kwanza Kwenye Uwanja wa Shabaha

Somo hili ni la mwanachama mpya, yaani mtu mwenye kibali halali chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, ambaye hajawahi kusimama kwenye mstari wa kufyatulia. Wengi huja wakidhani kwamba hatari iko pale milio inaposikika. Kwa maoni yangu, dakika za kuchungwa zaidi ni zile za kimya, watu wanapokwenda kubandika shabaha huku bunduki zimebaki mezani, na ndiyo maana nitapita upesi katika mambo mengine ili nikae hapo.

Hatua ya kwanza ni mavazi. Vaa shati lenye shingo ya kubana, kofia yenye ukingo na viatu vinavyofunika vidole, kwa sababu ganda la risasi huruka likiwa na moto, na likimtumbukia mtu kifuani hugeuka ghafla bila kujua mkono wenye bastola umeelekea wapi. Miwani na vikinga masikio huvaliwa kabla ya kuukaribia mstari. Mlio wa bastola nyingi hupita desibeli 140, kiwango ambacho hata mlio mmoja unaweza kuyadhuru masikio daima.

Hatua ya pili: silaha haitoki mkobani kabla ya ruhusa ya msimamizi. Mkoba ukishawekwa mezani, mdomo wa bunduki uwe umeelekea kwenye tuta, yaani ukuta wa udongo ulio nyuma ya shabaha. Ukigundua kwamba umeuweka kinyume, geuza mkoba wenyewe ungali umefungwa.

Hatua ya tatu ni kanuni nne zinazojulikana duniani kote. Ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi. Usiuelekeze mtutu kwa kitu usichokusudia kukiharibu. Kidole kikae ubavuni mwa bunduki, mbali na kifyatulio, mpaka uwe umelenga. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Hata risasi ndogo ya .22, ambayo wengi huidharau, huweza kwenda zaidi ya kilomita moja.

Hatua ya nne ni amri. Kujaza na kufyatua huamriwa na msimamizi peke yake, lakini amri ya kusimamisha inaweza kutolewa na yeyote aliyeona hatari, hata mgeni aliyefika leo. Ikisikika, kidole hutoka kwenye kifyatulio papo hapo, na hakuna ruhusa ya kumalizia risasi iliyobaki.

Hatua ya tano ndiyo kiini cha somo: kuondoa risasi kwenye bunduki kabla watu hawajakwenda kwenye shabaha. Mwenye bastola ya magazini, yaani kasha la risasi, hutoa magazini kwanza, kisha huvuta nyuma slaidi, sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, ili risasi iliyo chembani, mahali inapokaa tayari kufyatuliwa, itoke, huizuia slaidi ibaki nyuma, hutazama ndani ya chemba, halafu huigusa kwa ncha ya kidole. Mpangilio huu haugeuzwi, kwa kuwa anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini hutoa risasi moja na kuingiza nyingine papo hapo, akiamini kwamba bastola ni tupu. Katika mashindano ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, huchomekwa bendera ndogo ya rangi kali chembani ili kila mtu aone kwamba bunduki haina kitu, na sioni kwa nini klabu yoyote isifanye vivyo hivyo. Baada ya hapo rudi nyuma ya mstari. Mpaka mtu wa mwisho atoke kwenye shabaha, usiguse bunduki, usijaze magazini mezani, usipanguse vumbi, wala usichungulie kwa darubini ya bunduki eti uone mashimo yako.

Hatua ya sita, nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula chochote, kwani vumbi la madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, hubaki kwenye ngozi na nguo.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nikivuta kifyatulio na risasi isilie?
Endelea kuelekeza mtutu kwenye tuta kwa sekunde 30 au zaidi, kwa sababu baruti huweza kuchelewa kushika, ndipo utoe magazini na risasi. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, acha kabisa: huenda kichwa cha risasi kimekwama mtutuni, na ukifyatua tena mtutu unaweza kupasuka.

Bastola ikikwama, nimwiteje msimamizi?
Inua mkono usioshika silaha, ukiwa bado umeikabili shabaha. Anayegeuka na kusema "imekwama" hupitisha mtutu mbele ya majirani zake wote.

Nimeruhusiwa kumleta mgeni. Nianze naye vipi?
Mjazie risasi moja tu. Asiyezoea msukumo wa bastola hukaza mkono kwa mshtuko, na kidole huweza kuvuta tena huku mdomo umekwisha kupanda juu.

Mzee aliyenileta klabuni huweka kidole kwenye kifyatulio akizungumza. Nitamwambiaje bila kumvunjia heshima?
Mtutu ukiwa umeelekea kwa mtu, paza sauti ya kusimamisha bila kujali umri wake. Ukiwa umeelekea kwenye tuta, mweleze msimamizi faraghani; hiyo ni kazi yake, naye atamwita mzee pembeni na kumweleza, wala jina lako halitatajwa.